Hamisha Folda, Programu Isijue

Wasee wa kupika biti na kuediti video, hebu tubonge kuhusu diski ya C. Lapi nyingi za ex-UK zenye watu wanachukua tao ziko na SSD ndogo, GB 256 hivi, na Windows imeshajikalia hapo ndani. Sampuli za ngoma zikifika GB 80, C inashika nyekundu, na mtu anaanza kufuta kazi yake mwenyewe. Manze hiyo huniuma, juu suluhu iko na ni ya bure.

Ka uko na diski ya pili, D, peleka folda nzito huko. Njia ya mkato ya kawaida, ile ya kamshale kwa aikoni, haitasaidia. Hiyo ni faili tu ya .lnk: wewe unaielewa, lakini programu ikisaka sampuli ndani ya folda ya zamani, tuseme C:\Biti, ikose, inateta. Chenye unataka ni jankisheni, kitu iko kwa NTFS, mfumo wa faili wa Windows, tangu Windows 2000. Folda imehama keja, lakini anayebisha mlango wa zamani anaingia moja kwa moja kwa keja mpya, na hata hashtuki.

Funga programu kwanza. Hamisha folda yote D, ucheki C haijabaki na folda ya hilo jina, juu ikibaki amri itadinda. Halafu fungua cmd, si PowerShell, uandike:

mklink /J "C:\Biti" "D:\Biti"

Mlango wa zamani unatangulia, keja mpya inafuata. Msee wa Mac au Linux hutumia ln -s, na huko mpangilio ni kinyume.

Usiogope ati unaharibu mashine. Windows yenyewe inategemea hii kitu: tangu Vista, C:\Documents and Settings ni jankisheni ya kukupeleka C:\Users.

Ngori iko kwa kufuta. Faili ukiitoa ndani ya C:\Biti, imeenda pia D, juu ni ile ile moja. Ukitaka kuondoa jankisheni pekee, andika rmdir "C:\Biti" bila /s, na biti zako zitabaki D zikiwa fiti. Na ka D ni diski ya nje, ipatie herufi ya kudumu kwa Disk Management. Siku itarudi ikiitwa E, jankisheni itakuwa inaelekeza pahali hakuna kitu.