Ardhi ya Kompyuta: Ni Mauzo au Ni Ijara?

Mwishoni mwa Oktoba 2008, kampuni ya Kimarekani ya Linden Lab, yenye makao yake San Francisco, iliwatangazia wateja wake kwamba aina moja ya “ardhi” katika ulimwengu wake wa kompyuta uitwao Second Life itapanda bei. Aliyekuwa akilipa dola 75 kwa mwezi angelipa dola 125 kuanzia Januari 2009. Wateja walighadhibika, na wengi walisema wamedanganywa. Ndugu msomaji, usiseme hayo hayatuhusu. Vijana wetu nao leo hununua na kuuza vitu visivyoshikika, na mas-ala yaliyomo humo fiqhi iliyazungumza zamani.

Kilichouzwa ni nini?

Second Life ilifunguliwa mwaka 2003. Mtu huingia kwa intaneti, akanunua kisiwa, akajenga nyumba, akafungua duka au akawapangisha wenzake. Kwa hakika kisiwa hicho ni nafasi ndani ya kompyuta za kampuni. Mteja hutoa fedha za kuanzia, kisha hulipa kila mwezi. Akiacha kulipa, kisiwa humtoka pamoja na alichojenga juu yake.

Basi tangazo linasema “nunua ardhi”, lakini wanavyuoni wengi huzingatia katika mikataba maana na makusudio kabla ya majina. Anayelipa kila mwezi ili abaki hajamiliki dhati ya kitu. Amekodi manufaa yake, na hiyo ni ijara. Kwa jamhuri ya wanavyuoni, wakiwemo Mashafi, manufaa ni mali. Nayo Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kwamba haki zisizoshikika, kama jina la biashara na haki ya mtunzi, zina thamani ya mali na zinalindwa na sharia. Kwa kukisia hapo, nafasi kama hiyo yafaa kukodishwa, maadamu matumizi yake ni ya halali.

Je, mwenye mali aweza kupandisha?

Bei zilipopanda Madina, watu walimwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei. Kama alivyopokea Anas (R.A.), Mtume alikataa, akichelea kukutana na Allah (S.W.) hali ya kuwa amemdhulumu mtu. Kwa hiyo asili ni kwamba mwenye mali ana hiari ya bei yake. Lakini Suratul Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba. Muda uliokwisha kulipiwa hauongezwi hata senti bila ya ridhaa ya mpangaji. Muda mpya ndio wenye makubaliano mapya.

Hapa pana faida kubwa. Katika kauli sahihi zaidi ya Mashafi, kukodisha kwa kusema “kila mwezi kiasi fulani” bila kutaja mwisho hakusihi, kwa kuwa muda haujulikani. Wengine, kama Mahanafi, wamejuzisha kwa mwezi wa kwanza, na kila mwezi mwingine unapoingia. Hekima ya Mashafi inaonekana katika kisa hiki: watu walijenga wakidhani bei ni ya kudumu, na mkataba haukuwaahidi hivyo.

Udhuru wa kampuni

Kampuni ilisema visiwa hivyo vilikusudiwa matumizi mepesi, kama bahari na misitu, lakini watu walijaza makazi na kompyuta zikaelemewa. Fiqhi inamjua mtu huyu: aliyekodi mnyama kwa mzigo maalumu kisha akamzidishia. Huyo hudaiwa ujira wa ziada. Lakini hudaiwa yeye, wala hadaiwi jirani yake aliyechunga mpaka. Na muuzaji akijua kwamba kitu kinatumiwa kupita kiasi, akanyamaza na kuendelea kukiuza kwa sifa ileile, basi ameingia katika ghishi.

Baada ya malalamiko, kampuni iliregeza. Waliotaka matumizi mepesi walibakia na dola 75 chini ya mipaka mikali zaidi, na waliotaka kujenga walianzia dola 95. Mgawanyo huo uko karibu zaidi na uadilifu kuliko ule wa mwanzo.

Somo kwetu

Watu wa Mombasa wanalijua jambo hili kwa “nyumba bila ardhi”: nyumba ni yako, kiwanja ni cha mwingine, na kodi ya ardhi ikipanda huwezi kuibeba nyumba kichwani. Mashafi wamesema aliyejenga kwa idhini, wala hakushurutishiwa kubomoa, habomolewi bure muda ukiisha. Ama aachwe kwa ujira, au afidiwe upungufu. Aliyejenga ndani ya kompyuta ya mwingine ana hifadhi gani? Ana yaliyoandikwa katika mkataba tu. Basi kabla ya kutoa fedha, uliza mambo matatu: unachomiliki, kwa muda gani, na nani anaweza kubadilisha bei. Na imamu akiulizwa, asiishie kwenye jina la muamala. Aombe mkataba ausome.

Wallahu aalam.