Sumu ya Kuvu na Habari ya Lehemu katika Damu ya Mifugo

Katika mwaka wa 1960 ulizuka msiba katika mashamba ya Uingereza: bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa, na matabibu wa wanyama hawakupata kijidudu cha kutuhumiwa, hata uchunguzi ulipofikia mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, ndipo ilipodhihirika kwamba muuaji ni sumu itokanayo na kuvu, ambayo baadaye iliitwa aflatoksini. Mwaka uo huo, huku kwetu Kenya, vifaranga wa bata waliolishwa mashudu ya karanga nao waliangamia kwa wingi.

Tangu hapo wataalamu wameelekeza macho yao kwenye ini, kwa kuwa ndilo linaloumia kwanza, na katika kuchungua kwao wamekuta jambo linalostahili kuelezwa kwetu sisi tuliozoea kuambiwa na madaktari kwamba lehemu, yaani kolesteroli, ikipanda ni shari na ikishuka ni heri.

Kuku wa nyama aliyelishwa kwa majuma kadhaa chakula chenye aflatoksini nyingi, damu yake ikipimwa, aghalabu huonekana lehemu yake imepungua, na protini kadhalika. Asiyejua angelidhani kuku huyo ana siha njema. Walakini akichinjwa na kupasuliwa, ini lake hukutwa limevimba, limepauka na kugeuka manjano kwa mafuta yaliyolijaa. Sababu ni kwamba ini ndilo litengenezalo sehemu kubwa ya lehemu ya mwili, na ndilo liundalo zile protini zinazoyachukua mafuta kuyapeleka damuni. Na madhali aflatoksini huzuia uundaji wa protini, mafuta hubakia mumo humo inini, mithili ya shehena iliyokwama bandarini kwa kukosa chombo.

Iko sumu nyingine, fumonisini, iliyogunduliwa Afrika Kusini mwaka 1988, nayo hutolewa na kuvu wa jamii ya Fusari waotao katika mahindi yangali shambani. Hii humwozesha farasi ubongo na kumjaza nguruwe maji mapafuni, nayo huvuruga uundaji wa mafuta maalumu yaliyomo katika kuta za seli. Na wanyama hao walioila, lehemu ya damu yao, badala ya kushuka, hupanda. Basi sumu mbili, zote adui wa ini, moja huishusha lehemu na nyingine huipandisha. Na kwa hivyo dhahiri shahiri kipimo cha lehemu peke yake hakimpi mfugaji habari kamili, illa kitazamwe pamoja na hali ya ini na chakula alacho mnyama.

Wala jambo hili haliishii bandani. Ng'ombe alaye pumba au mashudu yenye aflatoksini huigeuza sehemu ya sumu hiyo na kuitoa katika maziwa, na moto wa jikoni hauiondoi. Madhara ya sumukuvu kwa wanadamu tumekwisha kuyaona: Kenya mwaka 2004 walikufa watu 125, na Tanzania mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, walikufa watu 20, chanzo kikiwa mahindi.

Ilhali hayo yanajulikana, desturi ya nyumba nyingi ingali ileile: mahindi yaliyoota kuvu, yaliyokataliwa mezani, humwagiwa kuku au hutiwa katika hori la ng'ombe, kana kwamba tumbo la mnyama ni jaa. Mfugaji na ayaanike mahindi juu ya turubai wala si juu ya ardhi tupu, hata unyevu usizidi asilimia 13.5, ayahifadhi juu ya chaga, mbali na sakafu na ukuta, na yale yaliyooza ayatupe bila huruma, kwa maana mahindi yasiyomfaa mtoto hayamfai hata ng'ombe ambaye maziwa yake atayanywa mtoto huyo.