Matende na upweke: maradhi mawili katika mguu mmoja

Mtu akipatwa na homa kali Likoni, Kisauni au Changamwe, nyumba hujaa. Majirani huja kumjulia hali, huyu na uji, yule na nauli ya hospitali. Lakini ugonjwa ukiwa wa miaka, wageni hupungua mmoja mmoja. Tumezoea ugonjwa wenye mwisho: mtu apone au azikwe. Ule usiokwisha hutuchosha.

Matende ni miongoni mwa maradhi hayo. Huletwa na minyoo myembamba kama uzi inayoenezwa na mbu, wakiwemo wale wanaozaana katika vyoo vya shimo na maji machafu ya mitaani. Minyoo hiyo huharibu mishipa ya limfu, na mguu huvimba polepole kwa miaka mingi. Mwaka wa 2018, Jomvu, jirani ya Changamwe, ilikuwa kati ya sehemu za kwanza nchini kupewa dawa tatu kwa pamoja dhidi ya minyoo hiyo. Dawa huzuia maambukizi, lakini mguu uliokwisha kuvimba sana haurudi ulivyokuwa kwa vidonge.

Hapo ndipo upweke huingia. Viatu havimtoshi mgonjwa, ngozi hupasuka na kutoa harufu, na watu hunong'ona kwamba amerogwa. Kwa haya, huacha kwenda barazani, harusini, na mwishowe hata zahanati. Asipotibiwa, vidonda huzidi. Vidonda vikizidi, hujificha zaidi.

Upweke wenyewe huua. Mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa unahusika na vifo 871,000 hivi kila mwaka, na kwamba huongeza hatari ya kiharusi, maradhi ya moyo na kisukari.

Tufanyeje? Mguu wa matende uoshwe kila siku kwa sabuni na maji safi, ukaushwe vizuri hasa katikati ya vidole, uinuliwe mgonjwa anapoketi au kulala, na ufanyishwe mazoezi mepesi. Mgonjwa akishikwa na homa na maumivu ya mguu, apelekwe hospitali mara moja.

Matende hayaambukizwi kwa kupeana mkono wala kula sahani moja. Basi jirani uliyekwenda wiki ya kwanza, rudi hata mwaka wa tatu. Huenda anachokosa mgonjwa ni mtu wa kumshikia ndoo tu.