Kwa Baiskeli Kandokando ya Ziwa Kivu

Askari atokaye Gisenyi, wilayani Rubavu, kwa baiskeli asihadaike na utulivu wa Ziwa Kivu. Njia ya Kongo-Nili ni kilometa 227 hadi Rusizi, na tambarare humo ni haba. Upande wa mashariki, juu milimani, umesalia msitu wa Gishwati, ambao sasa ni sehemu ya hifadhi ya taifa.

Kupanda huchosha tu. Hatari imo katika kuteremka. Changarawe iliyolowa huteleza, na breki ya mbele ikikazwa ghafula humwangusha mwendeshaji. Tena njia si yetu peke yetu. Wakulima huteremsha magunia ya viazi kwa baiskeli zisizo na gia, nao hawawezi kusimama upesi. Usikiapo kengele nyuma yako, mpishe.