Unene si Ngao

Huku Kasongo na Kabambare mtu akinenepa husifiwa. Jirani humwambia, «Umenawiri!» Katika nchi iliyoonja vita na njaa, sifa hiyo yafahamika. Lakini yatupasa kuuliza: je, mwili mnene hushinda maradhi? Unene wa namna mbili watudanganya.

Wa kwanza ni wa mtoto. Akila ugali wa muhogo siku zote, pasipo maharagwe, karanga wala samaki, huenda uso na miguu yake ikavimba. Mama hufurahi, kumbe ni bwaki. Bonyeza mguu kwa kidole: shimo likibaki, hayo ni maji, si nyama. Askari wa mwili wake wamedhoofika, hata surua au kuhara huweza kumwua upesi. Papa hapa Kasongo waganga walichunguza faida ya chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 hadi 35, na habari zake zikachapwa mwaka 1981 katika Lancet, gazeti la waganga la London.

Wa pili ni wa mtu mzima. Mafuta ya mwili hayalali kimya kama mpunga ghalani. Yakizidi, humwaga katika damu vitu vinavyowasha moto mdogo usiozimika. Basi askari wa mwili hukesha bure, na adui wa kweli afikapo huwakuta wamechoka. Tena tumbo kubwa huyabana mapafu. Na unene mara nyingi huleta kisukari, ambacho huchelewesha vidonda vya miguu kupona. Katika mafua yaliyoenea duniani mwaka 2009, na katika Korona tangu mwaka 2020, watu wanene sana walizidiwa kuliko wenzao. Mwaka 2017 wachunguzi wa Marekani walieleza kwamba, kati ya watu wazima waliochanjwa mafua, wanene waliugua mara mbili kuliko wenye uzito wa kadiri. Hata hivyo chanjo isiachwe. Mnene aihitaji zaidi.

Tufanyeje basi? Tusimcheke mtu kwa mwili wake. Mkubwa apunguze mawese, sukari na pombe, naye atembee kila siku. Mtoto apewe karanga, maharagwe na samaki wa mto, tena achanjwe surua. Na akivimba miguu, mama asingoje sifa za majirani: ampeleke hospitali siku ile ile.