Saksafoni ya tenori kwa mwanafunzi: kweli au si kweli?

"Inang'aa kama dhahabu, basi ni bora." Si kweli. Ajabu ni kwamba imani hii ina wafuasi hata Geita, ambako mnunuzi wa dhahabu pale Katoro hatoi senti kabla mzigo haujapanda mizani. Saksafoni ni mchanganyiko wa shaba na zinki uliopakwa vanishi, na vanishi ndiyo inayokutoa udenda kwenye picha ya WhatsApp kutoka Dar es Salaam. Cha kukagua ni pedi za ngozi: kila moja izibe tundu lake sawasawa. Ingia chumba chenye giza, tumbukiza taa nyembamba ndani ya bomba, bonyeza vibonyezo polepole bila kukaza vidole. Mwanga ukichungulia pembeni ya pedi, na pumzi yako itapita hapohapo. Kisha shika shingo, kile kipande kilichopinda juu. Pitisha kidole chini ya mpindo wake. Ukigusa makunyanzi, ujue imewahi kuvutwa chini kwa nguvu, na noti zake huenda zisikae sawa tena.

"Lazima uanze na alto." Si lazima. Vidole ni vilevile kwa tenori na kwa alto, ndugu yake mdogo. Tenori ni nzito zaidi, kilo tatu na ushei, na inadai pumzi. Mtoto wa msingi na asubiri, kijana wa sekondari mwenye mkanda mpana shingoni anaimudu. Mfano ni Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria: alikuwa mtu wa tarumbeta na kinanda. Mpiga tenori wake, Igo Chico, alipoondoka kwenye bendi miaka ya 1970, Fela aliichukua tenori mwenyewe ukubwani.

"Si tarumbeta tu hilo?" Hapana. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyeisajili Paris mwaka 1846, aliipa ridi, ulimi mwembamba wa mwanzi unaotetema, ndiyo maana inahesabiwa pamoja na klarineti. Ridi huchoka na kupasuka, kwa hiyo ni gharama isiyokwisha. Anayeanza atumie namba 2 au 2.5, na aliye Kahama akipata safari ya Mwanza au Dar arudi na boksi zima.

"Nikipiga Do na kinanda cha kanisani kikipiga Do, tutapatana." Si kweli, na hapa ndipo wanakwaya wanapogombana bure. Tenori imetengenezwa katika B bemoli. Kinanda kikiwa C, wewe unapiga D. Wimbo ukiwa G, wako ni A. Chombo hakina kosa, usimrudishie muuzaji.

"Mtumba ni hasara." Inategemea. Yamaha ya wanafunzi iliyotunzwa, hata ikiwa imechubuka, naichagua mbele ya mpya isiyo na jina ambayo vibonyezo vyake vinapinda kwa kidole na fundi hana vipuri vyake. Lakini jina lililochongwa si ushahidi. Omba picha ya namba iliyogongwa nyuma ya bomba, uilinganishe na orodha ya kiwanda.

"Vumbi haliidhuru, ni chuma." Si kweli. Vumbi la kiangazi cha Shinyanga, ukilichanganya na soda uliyokunywa kabla ya kupuliza, hugandisha pedi ya G kali hadi isifunguke. Sukutua kwanza, na ukimaliza irudishe kwenye kasha lake.

Kabla hujalipa, nenda na mtu anayejua kupiga. Mwombe aipige B bemoli ya chini kabisa, kwa sauti ndogo. Isipotoka, usitoe pesa yako.