Arijojo na Pia: Kuhusu Majina ya Michezo Migumu ya Ndege

Tiara ikikatika uzi husemwa imekwenda arijojo, yaani yachukuliwa na upepo, wala haina tena wa kuiongoza. Mtoto wa Magomeni aliyepotewa na tiara yake juu ya mapaa ya mabati hahitaji kamusi kuifahamu maana hiyo.

Katika mashindano ya ustadi wa angani, ya ndege kamili na ya ndege ndogo za mfano ziongozwazo kwa redio, umo mchezo ufananao na arijojo. Rubani hupunguza mwendo hata mabawa yakashindwa kuibeba ndege, kisha huupinda usukani wa mkia. Ndege ikashuka ikizunguka. Lakini huusimamisha mzunguko huo pale alipokusudia. Basi jina lifaalo si arijojo bali ni pia, ambayo huzungushwa kwa makusudi.

Waamuzi hutoa alama 0 hadi 10, kisha alama huzidishwa kwa kipimo cha ugumu. Kwa mfano, alama 6 kwa kipimo cha 20 ni 120, na 8 kwa kipimo cha 10 ni 80 tu. Hivyo mchezo mgumu hauachwi. Lakini ndege ikizunguka hali mabawa yangali yanaibeba, hupata 0, ijapokuwa yapendeza machoni. Hiyo yafaa kuitwa parafujo.

Hapana budi istilahi iyatenge matatu haya: arijojo ya ajali, pia ya ustadi, na parafujo isiyotimiza sharti. Neno "kuzunguka" peke yake haliwezi kumwongoza mwamuzi.